Sweta Iliyofunga Kibuyu

Tabby Wariara hakujaliwa kunong'ona. Miaka yote aliyopika katika Shule ya Wasichana ya Mlima Baridi, huko juu ya Molo, hakuna msichana aliyewahi kusema kwamba hakusikia chakula kikiitwa. Tabby akipiga chafya jikoni, bawabu langoni alimwambia pole. Mumewe Nderitu, mtu wa viazi na maneno machache, alizoea kumtania kwamba debe tupu haliachi kuvuma, naye Tabby humrudishia hapo hapo, "Na debe la viazi vilivyooza je, Baba Celestine? Hilo halivumi, linanuka tu."

Kwa hiyo wiki ile aliyonyamaza, waliomjua walipaswa kushtuka. Hawakushtuka. Kila mtu alikuwa akipiga kelele zake mwenyewe.

Jambo lenyewe lilianza na maziwa. Metroni wa shule, Jepleting, ambaye Tabby alimwita Mama Kibii, alikuwa na kibuyu chake cha mursik, na hata usiniambie hujui mursik ni nini. Wakimbiaji wetu wakirudi na medali hunyweshwa papo hapo uwanja wa ndege, kamera zikiwamulika. Unachukua tawi la senetwet, unalichoma, unasugua ndani ya kibuyu na ile ncha yenye kaa mpaka kuta zote ziwe nyeusi tititi. Ndipo unamimina maziwa, unafunika, unayaacha yalale. Yakiamka yamegeuka rangi ya majivu, mazito, yana uchachu unaopanda mpaka masikioni. Tabby, mtoto wa githeri na irio, vyakula vya kwao vya mahindi na viazi, mwanzo aliyakataa kabisa. "Mimi ninywe makaa? Nimekuwa jiko?" Baadaye akawa ndiye anayemaliza kibuyu, na Jepleting akilalamika.

Urafiki wao haukuanzia shuleni. Mwaka ule wa vita, watu walipochomeana nyumba kwa sababu ya kura na kabila, Tabby alikuwa na bintiye Celestine mchanga mgongoni, na Jepleting, jirani tu wakati ule, aliwafungia kwenye ghala lake la mahindi. Vijana wa kabila lake Jepleting wakaja na mapanga, wakamuuliza kuna nini humo ndani. Akawaambia, mahindi. Wakauliza tena. Akawaambia, "Mahindi ni mahindi, mnataka niwachemshie?" Wakaenda zao. Hayo hawakuwahi kuyazungumza tena, kwa sababu mambo mengine ukiyazungumza unayapunguza.

Sasa, Julai ya Molo si mchezo. Baridi ile hugandisha maji kwenye ndoo, lakini maziwa hayagandi ng'o. Yanakaa kibuyuni yakikutazama tu. Dawa aliyoipata Jepleting ilikuwa stoo ya blanketi mwisho wa bweni, ambayo ukuta wake ndio mgongo wa jiko kubwa la shule. Ukuta ule hupata joto kutwa nzima. Akakilaza kibuyu hapo, nyuma ya blanketi, maziwa yakawa yanaiva vizuri.

Mwezi ule Jepleting alikwenda Londiani kumzika kaka yake. Akamwachia Tabby ufunguo wa stoo na neno moja: "Mama Celestine, niangalizie mtoto wangu asipatwe na baridi." Kuni zikaja mbichi, jiko likawa la moshi mtupu, ukuta ukapoa. Tabby akaingia stoo, akaona lile sanduku la nguo zilizosahauliwa na wasichana, akavuta sweta ya juu kabisa. Akakivalisha kibuyu, mikono ya sweta akaifunga shingoni mafundo mawili, akakiegemeza ukutani na kurudi kwenye sufuria zake. Ndani ya ukosi kulikuwa na jina limeshonwa kwa uzi mweupe, Chepkemei. Hakulitazama. Nani hutazama?

Jepleting aliporudi alicheka mpaka akashika ukuta. "Umemwandikisha shule kabisa! Yuko kidato cha ngapi?" Wakaiacha sweta pale pale, maana ilifanya kazi yake.

Wiki ya mitihani, asubuhi, wasichana wakiwa wamejipanga mstarini kwa bendera, msichana wa kidato cha pili alianza kutetemeka miguu. Alikuwa ni huyo huyo Chepkemei. Alianguka, akapiga mayowe kwamba kuna mtu amemkalia kifuani. Waliombeba darasani walianguka nao kabla ya chai ya saa nne. Kufikia jioni bweni zima lilikuwa linatetemeka, wengine wakitembea wamekunja magoti kama vikongwe, wengine wakilia bila kujua wanalilia nini. Kesho yake Celestine, binti wa pekee wa Tabby, aliyekuwa kidato cha tatu, aliangukia kwenye foleni ya uji. Tabby aliruka meza. Alimpakata mwanawe sakafuni, ile miguu ikimpiga mbavuni.

Maafisa wa afya walikuja, wakapima damu, wakapima maji, wakasema ni hofu na uchovu, wasichana wapelekwe nyumbani wapumzike. Wazazi waliokimbilia shuleni wakacheka kwa hasira. Uchovu wa kutetemesha miguu? Na aliyeuliza hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote ni nani kama si Tabby mwenyewe? Tena ni yeye aliyempigia simu Mchungaji Kihara wa kanisa lake. "Mchungaji, njoo haraka, shule imeingiliwa." Simpambi. Mama ambaye mtoto wake anatetemeka atamwita yeyote.

Mchungaji alikuja na spika mbili na kinanda. Aliomba kwa bidii, jasho likimtoka katika baridi ile, na sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kujibiwa haraka. Akawauliza wasichana wanaona nini. Mmoja akasema anaona mama. Mama gani? Hajui. "Ana nini mkononi?" Msichana akafikiri. "Funguo." "Anatembea bwenini?" "Ndiyo." "Mkiwa mmelala?" "Ndiyo." Basi wote wakaanza kumwona, mmoja baada ya mwingine, mama mwenye funguo anayetembea kati ya vitanda. Sasa hebu nikuulize wewe, metroni asipotembea bwenini na funguo atembee na nini, jembe? Jepleting alikuwa akizunguka kuwafunika watoto wa watu blanketi. Lakini nani alikuwa na masikio?

Wazazi wakavunja mlango wa stoo yake ingawa ufunguo ulikuwapo. Wakatoka na kibuyu kimevaa sweta. Mchungaji akafungua yale mafundo kwa ncha za vidole, akageuza ukosi, akasoma jina kwa sauti. Chepkemei! Uwanja mzima ukavuta pumzi. Kisha akakiinamisha kibuyu juu ya gazeti. Kilikuwa kitupu siku hiyo, kimesuguliwa kikingoja maziwa mapya, kikamwaga unga mweusi.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," akasema Mchungaji, na akina mama wakaanza kulia.

Waliokuwa wamesimama pale, nusu yao wamekunywa kutoka kwenye vibuyu vya namna ile tangu hawajaota meno. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Kosgei, kwao kuna vibuyu vingi vimepangwa ukutani kuliko vikombe. Alitazama viatu vyake. Wote walijua, na wote wakaamua kwamba hicho si kile wanachokijua.

Jepleting akaitwa katikati. "Kibuyu hiki ni cha nani?"

"Changu."

"Na hii sweta ya mtoto, nani aliifunga?"

Jepleting aliinua macho. Mlangoni mwa jikoni alisimama Tabby, mwiko mkononi, matone ya uji yakidondoka. Macho yao yakakutana, muda mfupi tu.

"Nimesema kibuyu ni changu," akajibu Jepleting.

"Nimekuuliza habari ya sweta."

"Na mimi nimekujibu ya kibuyu."

Tabby alitaka kusema. Mungu anajua alitaka. Lakini akageuka, akarudi kukoroga uji ambao ulikuwa umeiva zamani. Hii ilikuwa mara ya pili Jepleting kuulizwa habari za Tabby mbele ya watu wenye hasira na kukataa kumtoa. Mara ya kwanza Tabby alikuwa gizani katika ghala, mtoto akinyonya, hangeweza kufanya lolote. Mara hii alikuwa amesimama wima mchana kweupe.

Nyumbani alimwambia Nderitu. Nderitu aliacha kula. "Nani mwingine anajua?"

"Yeye na mimi."

"Basi ibaki hivyo. Aliye kando haangukiwi na mti, Mama Celestine. Watakuita mchawi, mtoto ataitwa mtoto wa mchawi, na wewe unajua hapa Molo moto huwashwa na watu gani. Watu tunaosali nao. Nyamaza." Hakusema kwa ukali. Aliinuka akaangalia kama mlango umefungwa, na Tabby akaona kwamba mumewe anaogopa kweli.

Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia Nderitu. Tabby mwenyewe hakuwa na uhakika. Ni yeye aliyefunga mafundo mawili kwenye nguo ya Chepkemei, na wa kwanza kuanguka alikuwa Chepkemei. Akiwa peke yake na sufuria aliwaza, je, kama mkono wangu umefanya jambo bila mimi kujua? Je, kama ni mimi niliyemwangusha mwanangu? Hofu ikishaingia kichwani haiombi ruhusa ya kukaa.

Ijumaa mchana alipeleka chakula katika nyumba ya Jepleting, ambako mwenyewe alikuwa amezuiwa asitoke, mlinzi akiwa kibarazani. Walizungumza dirishani.

"Mama Kibii, wanasema nini?"

"Wanasema kesho kuna mkutano wa wazazi. Nikisimama nitubu, niseme niliingiwa, na nitaje niliyeshirikiana naye, nitaombewa na kazi yangu inabaki." Alipokea sahani. "Nimewaambia sitatubu dhambi ambayo sijaifanya. Mungu nitamwambia nini siku ya kweli? Kwamba nilimzoeza uongo?"

"Wakikufukuza je?"

"Nina ng'ombe. Ng'ombe hawaulizi." Akaonja chakula. "Celestine ameweza kula?"

Hapo Tabby alilia. Jepleting hakumbembeleza, wala hakumwambia asijali. Alisema tu, "Mimi sikukuuliza kitu. Lakini pia usije hapa kuniuliza mimi ufanye nini," akafunga dirisha. Ilimuuma Tabby, na alistahili.

Jumamosi ukumbi wa chakula ulifurika. Wazazi walikuja hata kutoka Ndabibi na Mai Mahiu, wamechoka na safari, wamejaa yale waliyosikia njiani. Wasichana waliokuwa wakianguka waliketishwa mbele wamefunikwa blanketi, Celestine akiwa kati yao. Kibuyu kiliwekwa mezani juu ya gazeti lile lile lenye unga, sweta kando yake. Hakuna aliyetaka kukaa karibu nacho. Jepleting alisimama peke yake, kitambaa kichwani, mikono mbele. Tabby alikuwa akizungusha birika la chai.

Mwenyekiti Kosgei alikohoa, akasema bodi imeona, kwa amani ya shule, kila anayekubali metroni aondoke leo na asikanyage tena Mlima Baridi ainue mkono. Mikono ikaanza kupanda. Nderitu, pale nyuma, alimtazama mkewe, akainua wake taratibu. Mkono wa Mzee Kosgei nao ukapanda, mkono ulioshika kibuyu tangu utoto.

Tabby akaweka birika chini. Liligonga sakafu, chai ikamwagika.

"Hiyo sweta niliifunga mimi!"

Sauti ile ilirudi yote kwa mkupuo, madirisha yakalia. "Mimi, Tabby Wariara! Mama Kibii alikuwa Londiani akimzika kaka yake. Ukuta ulipoa, nikaona maziwa hayataganda, nikachukua sweta kwenye sanduku la zilizosahauliwa. Sikusoma jina. Huo ndio uchawi wote. Mnamfukuzia nini?"

"Mama Celestine," Mchungaji akasema pole pole, "tafadhali..."

"Wacha nimalize, Mchungaji, ni mimi niliyekuita, na nilikosea! Na wewe Mzee Kosgei, hebu tuambie wewe mamako alikulisha nini? Soda?" Kuna waliocheka, wakajinyamazisha haraka. "Hujui huu unga? Hujui senetwet? Ukishuka kwa mama mkwe unapewa nini?"

Mzee Kosgei akajifanya anapanga karatasi zake.

Tabby akaendea meza. Watu wakampisha mpaka viti vikaanguka. Aliogopa, maana ile shaka ya jikoni haikuwa imemtoka. Hakujua, kwa kweli hakujua, ni nini kingempata. Akachota unga mweusi kiganjani kutoka kwenye gazeti, akauramba wote. Ukamkausha koo. Akatafuna makaa mbele ya ukumbi mzima, meno yakawa meusi, akasimama akingoja pamoja nao.

Hakuna kilichotokea. Hakuanguka. Akahisi ladha ile ya moshi anayoijua, ya jioni za kukaa na Mama Kibii kwenye kizingiti, na ile shaka ikamtoka. Akageuka kwa furaha kumtazama mwanawe, amwone mamake yu mzima.

Celestine alikuwa ameanza kutetemeka. Blanketi likamwanguka. Alikuwa akiutazama mdomo mweusi wa mamake, na mayowe yake yakapasua ukumbi. "Ni yeye! Ni mathe! Ndiye nilimwona! Ni mathe!"

Na wasichana wengine, mmoja baada ya mwingine, wakamwona pia.

Tabby na Jepleting waliondolewa wote wawili siku hiyo hiyo. Afadhali hawakupigwa, Nderitu na bawabu waliwasindikiza mpaka langoni, na Nderitu akipigiwa kelele kama mwenye hatia. Jepleting alibeba kibuyu chake, kwani kuna nani mwingine angekigusa? Barabarani, lori la viazi likipita, alimpa Tabby leso afute mdomo. "Umeharibu kila kitu, Mama Celestine," alisema. Kisha akamshika mkono, wakatembea hivyo mpaka njia panda, wamama wawili wazima kama watoto wa chekechea.

Shule ikafungwa kwa muda, wasichana wakaenda makwao. Walipofika nyumbani, kwa akina mama zao, kwenye ng'ombe na mashamba, kutetemeka kukaisha kwenyewe, kama wale maafisa walivyosema. Hakuna aliyekwenda nyumbani kwa Jepleting kumwomba msamaha. Kanisani viti vya karibu na Tabby vilibaki vitupu. Wateja wa Nderitu wakaanza kununua viazi upande wa pili wa barabara, naye hakumlaumu mkewe hata mara moja, jambo lililomuuma Tabby kuliko kulaumiwa.

Celestine alikaa nyumbani akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Hakuweza kumtazama mamake usoni. Tabby naye hakumuuliza. Alijifundisha kunong'ona, katika umri huo, ili asimshtue.

Jumamosi moja wakimenya viazi nje, msichana aliweka kisu chini.

"Mathe, sikukuona wewe. Sikuwa nimeona mtu."

"Najua."

"Kila mtu alikuwa anaona. Nikaskia ni kama mimi pia nimeona. Halafu mdomo wako ukawa mweusi, nikaogopa, nikasema." Machozi yalikuwa yakidondokea viazi. "Nataka niseme hivyo kanisani kesho. Mbele ya Mchungaji na wale wasee wote. Na nimtaje Mama Kibii, kwamba hakufanya kitu."

Tabby aliacha kumenya. Aliona yote kwa mara moja: wasichana wenzake Celestine wakimgeuka, shule ikimkataa, jina la mwongo likimfuata mpaka aolewe na baada ya hapo. Neno likamjia mdomoni likiwa limeshaiva, neno lile lile aliloambiwa na Nderitu mezani. Nyamaza, mwanangu. Alifungua kinywa kulisema.

Akamtazama binti yake, mtoto yule yule aliyenyonya gizani ndani ya ghala la mahindi huku mwanamke mwingine akisimama mlangoni kuwaficha.

Aliokota kisu, akampa kwa mpini. "Maliza viazi kwanza," akasema. "Na kesho uvae vile viatu vizuri. Watu watakuwa wanakuangalia."